Majirani wa Bi Jaha

Batuli binti Aboud wa Shella, Malindi, alikuwa na maradhi ambayo hakumweleza daktari wala mganga: kila alipopiga chapa jina la mtu asiyemjua, mtu huyo alikuja. Si kila jina, lakini. Barua ya kuomba kazi haikumletea mtu. Hati ya kiwanja haikumletea mtu. Ila mpe ukurasa wa mwisho wa makala ya msomi, ule uitwao marejeo, wenye majina ya wote ambao mwandishi amechota kwao, na miaka yao, na vitabu vyao, na papo hapo wageni walianza kuingia. Walikuja taratibu, wakakaa kwenye baraza ya mawe iliyokuwa nje, chini ya dirisha lake, mmoja ubavuni mwa mwenziwe kwa mpango wa herufi. Wa A karibu na mlango, wa Z kule mwisho juani, maskini.

Ukimwambia anaota alikuwa akicheka. Macho yake yalikuwa wazi na vidole vinafanya kazi. Sasa hiyo ni ndoto ya namna gani, niambie wewe.

Kazi ile alijifunzia Kilifi, katika ofisi ya hoteli moja ya Bofa, chini ya mwanamke wa bara aitwaye Wanjira ambaye hakuwa na mchezo hata chembe. Wanjira alimfundisha kupiga bila kutazama vidole, na kwa kuwa macho yalibaki bure, Batuli akaanza kutazama mambo mengine. Aliolewa huko huko Kilifi, na huko huko akaachika. Alirudi kwa mama yake na talaka na taipu ya mtumba. Talaka aliitia kabatini. Taipu aliiweka dirishani katika chumba cha mbele, na kufikia mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na sita hapakuwa na mwalimu wala mwanasheria wa Malindi asiyelijua dirisha lile.

Baba yake, Aboud, alifariki Batuli akiwa bado ananyonya. Hakuacha hata picha. Kitu pekee alichojua Batuli kumhusu, alikisikia kwa mama yake, nacho ni kwamba Aboud alikuwa mtu wa haya: hakuwahi kumwita mkewe kwa jina. Akifika mlangoni alikuwa akikohoa tu, na Bi Jaha kule ndani akaitika.

Huyo Bi Jaha ndiye mama yake, na ndiye wa kisa hiki. Alikuwa msukaji wa mikeka. Ameketi miaka nenda rudi nyuma ya pazia lililotenga chumba cha mbele na cha ndani, miyaa ya mkindu mapajani, ukili aliousuka unarefuka pembeni yake, na vyungu vya rangi uani. Rangi nyekundu aliitoa kwenye mbegu za mzingefuri, ya manjano kwenye manjano yenyewe, na nyeusi, ile nyeusi iliyosifiwa mpaka Mambrui, kwenye mizizi ya mdaa. Mikeka yake ilitandikwa chini ya maharusi na chini ya maiti. Waliolala juu yake hawakujua jina la aliyeisuka, na hivyo ndivyo alivyotaka mwenyewe. Alilelewa kwa desturi ya watu waliotoka visiwa vya kaskazini, kwamba jina la mwanamke wa nyumbani halitupwi njiani. Muuza samaki alimwita Mama Batuli. Muuza mafuta ya taa alimwita Mama Batuli. Jina la binti ndilo lililokuwa buibui la jina la mama.

Basi siku moja asubuhi akaja Mwalimu Mwambire, aliyekuwa akifundisha kemia katika shule ya sekondari upande wa Kilifi. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mikono iliyokwisha kubadilika rangi kwa dawa za maabara. Miezi mingi nyuma alikuwa amekaa pale barazani kumsikiliza Bi Jaha akizungumza nyuma ya pazia juu ya rangi za miti, na Batuli mwenyewe ndiye aliyeipiga chapa makala iliyotoka humo, kisha ikapelekwa kwa jarida moja la ng'ambo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa!" aliliamkia pazia.

"Marahaba, mwanangu. Wana hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi." Mwambire alikuwa Mkristo, lakini nyumba ile ilimfanya aseme hivyo. Kisha akainama dirishani, akashusha sauti. "Bi Batuli, wameikubali makala. Ila wametutilia mfupa kwenye wali."

Akamwekea bahasha juu ya mashine. Mhariri alikuwa amepitia marejeo yote kwa kalamu nyekundu. Hapa mwaka umesahauliwa, pale jina la kitabu halikupigiwa mstari, huku mkato umekaa mahali pa nukta. Hayo Batuli hakuyajali, ni kazi ya kufumba na kufumbua. Mfupa ulikuwa chini kabisa. Kote ambako Mwambire aliandika kwamba ameelezwa na mkazi mmoja wa Malindi, mhariri aliweka mduara. Mkazi mmoja si mtu, alisema. Kila neno liwe na mwenyewe. Atajwe kwa jina na aingizwe katika marejeo pamoja na wenzake, la sivyo sehemu nzima ya rangi nyeusi iondolewe.

"Rangi nyeusi ndiyo makala yenyewe," alisema Batuli.

"Ndiyo. Ukiitoa, iliyobaki ni maji ya kuchemsha." Mwambire akatupa jicho kwenye pazia. "Mimi siwezi kumwuliza. Nitaonekana sina adabu."

Hapo Batuli alisema atamwuliza yeye, na nitasema kwa nini, maana yeye mwenyewe hakumwambia mtu. Miaka yote hiyo alikuwa amewakaribisha barazani wageni wa watu wengine. Amewaona wazee wenye miwani, mabibi wenye kofia za jua, vijana wa juzi walioandika kurasa nne wakapewa kiti. Na nyuma ya pazia ameketi mama yake, anayejua kitu ambacho wote hao hawakijui, asiye na mahali. Bi Jaha alikuwa amezeeka. Siku Mungu atakapomchukua, jina lake litabaki kinywani mwa Batuli peke yake, na Batuli hakujaliwa mtoto. Alitaka kuliona limechapwa. Alilitaka sana kiasi cha kuona aibu.

Alingoja mpaka alasiri, mama yake alipokuwa amekunjua ukili mpya na roho yake imetulia.

"Mama, wenye jarida wataka jina lako."

"Wanitakia nini? Nimewaibia?"

"Wataka kuliandika. Kwamba maneno ya mdaa ni yako."

Bi Jaha hakuinua kichwa. "Jina langu halijavuka kizingiti hiki tangu siku niliyoletwa. Babako, Mungu amrehemu, mume wangu wa halali, alikuwa akikohoa. Leo likapande ndege?"

"Ni heshima, Mama."

"Heshima ni kusitiriwa, mwanangu. Leta ule mkasi."

Basi yakaisha. Batuli alirudi kwenye taipu akapiga barua ya mtu aliyekuwa akigombana na jirani yake juu ya mnazi, akaipiga kwa hasira mpaka herufi ya o ikatoboa karatasi.

Lakini neno likishaingia ndani ya nyumba halitoki kwa kufukuzwa. Kesho yake, akiwa anachemsha mizizi, Bi Jaha alisema kama anayezungumza na chungu: "Na huko kwenye hiyo karatasi yao, mtu hukaa na nani?"

Batuli alikuja mbio na ukurasa mkononi. "Kila mtu hukaa kwa herufi yake. Wewe ni J. Kabla yako yuko Grantley, baada yako yuko Lomax."

"Ni wanawake?"

Mtu mwingine angesema ndiyo, akamaliza shughuli. Nani angekwenda kuhakikisha? Lakini Batuli alikuwa amekwisha kuwaona. Grantley alikuwa amekaa pale barazani na mkoba wake wa ngozi, na Lomax, Mungu amsamehe, alikuwa na ndevu nyekundu zilizomfika kifuani. "Wanaume, Mama," alisema.

"Ahaa!" Bi Jaha akageuka, kijiko kinadondosha weusi. "Yaani mniweke barazani! Mchana kweupe, katikati ya wanaume wawili nisiowajua, bila hata shuka ya kunisitiri! Wallahi, Batuli, taipu imekula akili zako."

Mimi nikisimulia nacheka, lakini Batuli hakucheka. Alijua mama yake amesema kweli. Marejeo yalikuwa baraza, yeye mwenyewe ndiye aliyeyaona hivyo tangu zamani, na baraza ni ya wanaume, hata kama mabibi wa kigeni hawakulijua hilo. Alikaa jikoni, kidevu mkononi, ukurasa umemlowa kwa mvuke.

Bi Jaha alimwonea huruma kidogo. Akaendelea kwa sauti ya chini. "Na hata wangekuwa wanawake, nisingekubali kuandikwa peke yangu. Weusi huu si wangu. Nimeupokea kwa Bi Hafidha binti Mbaruk, Mungu amrehemu, aliyenifunza nikiwa kigori. Na Bi Hafidha alijua kupika tu, hakujua kuchimba. Mizizi ililetwa na Kanze wa Nzai, kutoka Ganda. Kanze ndiye aliyetwambia ichimbwe mvua ikishakatika, maana ikichimbwa mbichi weusi hauingii, unakuwa wa kijivujivu. Mtu hapokei kitu kutoka hewani. Ukiniandika mimi bila hao nitakuwa mwizi."

Batuli alinyanyua kichwa. Akatazama ukurasa. Midomo yake ikaanza kwenda yenyewe. Grantley. Hafidha. Jaha. Kanze. Lomax. Akapitisha kidole mara nyingine, akiogopa kwamba yuko msomi fulani aliyejificha katikati, Henderson au Jackson au nani, aje awaharibie. Hapakuwa na mtu. Nafasi ilikuwa wazi kabisa, kama iliyofagiliwa.

"Mama," alisema, "nikikuweka kati ya Bi Hafidha na Kanze?"

Bi Jaha alikoroga chungu kwa muda mrefu. "Bi Hafidha hatakataa," alisema, "alikuwa akipenda mambo mapya. Lakini Kanze yu hai, au sijui. Mtu aliye hai huulizwa."

Ndivyo Batuli na Mwambire walivyokwenda Ganda. Batuli alipewa nafasi mbele katika lori la nazi, na Mwambire alifuata kwa baiskeli, akafika amepauka vumbi mpaka kope. Walimkuta Kanze mbele ya nyumba yake anapukuchua mahindi, mwanamke mfupi wa miraba minne, ushanga shingoni, sauti ya kuitia ng'ombe. Batuli hakuwa amemwona tangu utotoni. Alichokumbuka ni harufu ya udongo mwekundu jikoni mwao, na mtu aliyeingia kwa mlango wa uani bila kubisha.

Mwambire alimsalimu Kigiriama kwa kirefu, akamwita Hawe, kama mtu anavyomwita bibi yake. Kisha akamweleza jarida ni nini, na marejeo ni nini, na mhariri ni nani. Alieleza vizuri mno. Kanze alipukuchua gunzi zima akingoja amalize.

"Jaha," alisema mwishowe. "Yule wa mikeka. Yu hai?"

"Yu hai, Hawe," alisema Batuli. "Mimi ni mwanawe."

"Wewe ndiwe Batuli! Uliyekuwa ukila udongo!" Akacheka mpaka mahindi yakamwagika. "Haya, na hilo jina langu mwalitakia ruhusa ya nini? Nimeitwa shambani, nimeitwa matangani, nimeitwa na askari wa kodi kwa sauti kubwa kama ya punda. Sijafa. Liandikeni."

"Mama alitaka uulizwe. Na utakaa karibu naye."

"Kwenye hiyo karatasi?"

"Ndiyo."

Kanze aliacha kupukuchua. Alitazama mbali, upande wa mihogo, na Batuli aliona uso wake umelainika. "Nilikuwa nikikaa naye jikoni mwake," alisema. "Wanawake wa Shella hawakuwa wakinikaribisha kukaa. Walichukua mizizi mlangoni wakafunga. Jaha alinivutia kibao. Na kila nikiondoka alinifungia mkate wa kumimina, wa moto, kwenye jani. Kisha miguu yangu ikakataa safari, tukaachana hivyo." Akainuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na mzigo wa mizizi ya mdaa umefungwa kwa kamba. "Mpelekee. Imechimbwa mvua ilipokatika. Mwambie sijasahau."

Bi Jaha aliuchukua mzigo ule akaunusa. Akauweka karibu naye, sala ya magharibi ikapita. Kisha, akiwa bado juu ya msala, aliita kupitia pazia: "Niweke basi. Kati yao. Na usimpishe mtu hapo katikati."

"Simpishi, Mama."

Sasa, jarida lile lilikuwa na sheria zake za kuandika majina, ukurasa mzima wa sheria. Jina la ukoo kwanza, mkato, kisha herufi ya kwanza ya jina la mtu, nukta, mwaka. Batuli alizijua sheria hizo kuliko alivyojua mapishi ya pilau. Lakini alipofika kwa wanawake watatu, vidole vilikataa. Mama yake hakuwa na jina la ukoo. Mahadhi lilikuwa jina la babu yake Batuli, mshona kofia aliyekuja Malindi kijana na kufa Malindi mzee, akaacha mabinti watupu. Watu walisema msibani, na Bi Jaha aliwasikia, kwamba Mahadhi amekatika, hakuacha wa kuitwa kwa jina lake. Bi Jaha alikuwa binti Mahadhi. Hakuwahi kuwa Mahadhi hata siku moja. Ukimwita mwanamke kwa jina la baba yake peke yake, umemwita nani?

"Andika wanavyoitwa," alisema Mwambire. "Ndivyo walivyo."

Akaandika. Hafidha binti Mbaruk. Jaha binti Mahadhi. Hapo alisimama, kwa sababu aligundua kwamba katika umri wake wote, na maelfu ya majina aliyopiga, hili hakuwahi kulipiga. Lilikuwa fupi. Alilitazama likiwa bado jeusi la utepe mpya. Kisha Kanze wa Nzai. Alipoinua macho dirishani, Grantley alikuwa amesogea upande huu na Lomax upande ule, kwa adabu kabisa, na katikati ya baraza palikuwa na pazia ambalo halikuwapo kabla. Nyuma yake palisikika wanawake wanacheka.

Makala ikaenda. Mwambire aliitia posta mwenyewe, akarudi Kilifi kwa wanafunzi wake. Miezi ilipita kwa utaratibu wake wa Malindi, wageni wa hoteli wakaja wakaondoka, embe zikaisha, joto likazidi, mvua ikaanza kutishia. Batuli alipiga chapa mambo ya watu akiwa nusu yuko na nusu hayuko. Mara kwa mara aligusa ukuta wa baraza akipita, kama anayegusa sufuria kuona kama bado ina moto. Bi Jaha hakuuliza lolote. Lakini mkeka alioanza kuusuka wakati huo aliutia mistari mitatu myeusi inayokwenda pamoja, na mteja alipoutaka alisema hauuzwi.

Jarida lilifika mvua za masika zikiwa zimeshika. Mwambire alisimama dirishani, koti limelowa, akalitoa kifuani alikokuwa amelificha. Hakuliamkia pazia. Batuli alijua hapo hapo kwamba pana jambo.

"Wamenyoosha majina," alisema Mwambire kwa sauti ya chini. "Sikuulizwa, Bi Batuli. Nimeliona likiwa limekwisha kuchapwa."

Batuli akafungua nyuma kabisa. Akapita A, akafika G. Grantley alikuwapo. Baada yake akaja Lomax, moja kwa moja, bega kwa bega, hakuna hata upenyo. Wanawake hawakuwapo. Aliwapata chini, wamegeuzwa kwa sheria: jina la ukoo kwanza, mkato, herufi moja. Mahadhi, J. Kisha Mbaruk, H. Kisha Nzai, K.

Alikuwa ameahidi. Alimwondoa mama yake ndani, akamvusha kizingiti kwa maneno matamu, na walipofika nje watu wakamvua jina lake, wakambakizia herufi moja, wakamketisha ubavuni mwa yule yule Lomax. Laiti angemwacha na miyaa yake! Alimkasirikia mhariri, akamkasirikia Mwambire, na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe kwa kutaka.

"Mwalimu yuko hapo, mbona hasalimu?" Bi Jaha aliuliza kutoka ndani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alisema Mwambire kwa udhaifu.

"Marahaba. Limekuja?"

Batuli akalifunga jarida, kidole kimebaki ndani.

"Batuli. Nisomee palepale pangu."

Bi Jaha alisoma Kurani, lakini herufi za kizungu hakuzijua, na Batuli alilifikiria hilo. Angeweza kusoma Hafidha, Jaha, Kanze, kama alivyopiga kwa mkono wake, na mama yake angetabasamu na kufa na tabasamu hilo. Mwambire alimwangalia kama aliyefikiria neno lile lile. Lakini Bi Jaha ndiye aliyekataa kuandikwa peke yake asije akawa mwizi. Mtu wa namna hiyo humsomei uongo.

"Wamekugeuza, Mama."

"Nisomee."

Batuli akalifungua tena. "Lomax. Halafu Mahadhi, mkato, J, nukta."

Mvua ilikuwa ikigonga makuti.

"Rudia."

"Mahadhi. Mkato. J."

"Mahadhi yuko mbele?"

"Yuko mbele. Wewe ni hiyo J tu. Nisamehe, Mama, nilitaka wakuandike wewe, nilitaka watu wakujue, mimi..."

"Nyamaza kidogo, mwanangu." Sauti ya Bi Jaha ilikuwa imebadilika. "Baba yangu amekaa na nani?"

Batuli hakuelewa. Akatazama ukurasa tena. "Upande mmoja Lomax. Upande wa pili Mbaruk."

"Mbaruk! Babake Bi Hafidha. Walikuwa wakitoka msikitini pamoja, hawaachani mpaka pembe ya njia. Na baada yake?"

"Nzai."

"Babake Kanze." Pazia lilisogea, na Bi Jaha akatoka, mtandio umefunika nusu ya uso, akasimama katika chumba cha mbele mbele ya mwanamume asiye wa kwake, jambo ambalo Batuli hakuwa amelishuhudia tangu azaliwe. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Walisema amekatika," alisema. "Nilikuwa msichana, nimekaa nyuma ya mlango, nikawasikia. Mahadhi kwisha. Sikuwa na la kuwajibu. Nionyesheni."

Batuli akamwonyesha. Bi Jaha akaweka kidole chake cheusi cha mdaa juu ya jina, akakiacha hapo.

"Na Lomax?" aliuliza Batuli, bado hajatulia. "Si uliniambia ni aibu?"

"Aibu kwangu. Mwanamume akikaa barazani na wanaume wenziwe, aibu iko wapi? Mwache na ndevu zake, watazungumza." Akasogeza kidole mpaka kwenye mkato, akakisimamisha. "Hili ndilo pazia?"

"Ndiyo, Mama," alisema Batuli. "Ndilo."

"Na huyu hapa nyuma yake ndiye mimi. Nimejisitiri, nasikia kila wanalosema." Akacheka, machozi yanashuka. "Mwambie huyo mtu wenu wa ng'ambo, Mwalimu, kwamba anajua adabu."

Mwambire aliaga akiwa bado ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Bi Jaha akarudi ndani na jarida, akalitandikia kitambaa safi, akasikika akimsomea baba yake Fatiha.

Batuli alibaki peke yake dirishani. Alitia karatasi nyeupe kwenye taipu bila kujua anataka kuandika nini. Barazani walikuwa wamekaa wazee watatu aliokuwa hajawaona kabla: mmoja na sindano na kofia haijakwisha, mmoja na tasbihi, mmoja na jembe amelilaza miguuni. Lomax alikuwa amesogea kuwapa nafasi. Alitazama ile baraza kuanzia kwao mpaka kule mlangoni, mahali pa herufi A, pakavu, pa kwanza kuliko pote, na vidole vyake vikaenda vyenyewe.

Aboud, B.

Nje, katika mvua, mtu alikohoa.

"Labeka!" akaitika Bi Jaha kutoka ndani.

Batuli hakuinuka kwenda kutazama ni nani.